Jan van Riebeeck: Kuhakiki Maisha ya Mtumishi wa Kampuni

Jan Anthoniszoon van Riebeeck alizaliwa Culemborg, Uholanzi, tarehe 21 Aprili 1619, akafariki Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, tarehe 18 Januari 1677. Maisha yake yote ya kazi, isipokuwa miaka michache, aliyapitisha katika utumishi wa Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, inayojulikana kwa herufi zake za VOC. Kuanzia 1652 hadi 1662 aliongoza kituo cha Kampuni hiyo katika Rasi ya Tumaini Jema, na kutokana na kituo hicho ukakua mji wa Cape Town. Kwa sababu hiyo jina lake liliingia katika vitabu vya shule vya Afrika Kusini, likapewa mitaa, na sura iliyodhaniwa kuwa yake ikachapwa kwenye noti na sarafu.

Hata hivyo, mengi yaliyosemwa juu yake yalipokelewa bila kupimwa. Aliitwa gavana wakati cheo chake kilikuwa kingine. Ilidhaniwa kwamba mwaka 1652 ndipo alipoiona Rasi kwa mara ya kwanza, ilhali alikwisha kufika huko miaka minne kabla. Uso uliochapwa kwenye fedha ukaja kutambuliwa kuwa wa mtu mwingine kabisa. Masahihisho hayo yalipatikana kwa kurudi kwenye nyaraka za zama zake, kuzilinganisha, na kuuliza kila moja imeandikwa na nani, lini na kwa kusudi gani.

Nyaraka za Kampuni

VOC ilianzishwa tarehe 20 Machi 1602 kwa hati ya serikali iliyoipa haki ya pekee ya biashara ya Waholanzi mashariki ya Rasi. Iliundwa na vyumba sita vya biashara, vya Amsterdam, Zeeland, Delft, Rotterdam, Hoorn na Enkhuizen, na juu yao palikuwa na baraza la wakurugenzi lililoitwa Heeren XVII, yaani Mabwana Kumi na Saba. Wakurugenzi hao walikaa Ulaya, na mali yao ilikuwa Asia. Meli iliyotoka Uholanzi ilichukua miezi mingi kufika Batavia, na jibu la barua likachukua miezi mingine kurudi. Kwa kuwa hawakuweza kuwasimamia watumishi wao kwa macho, waliwasimamia kwa karatasi. Kila kituo kilitakiwa kuandika kumbukumbu za kila siku, maazimio ya baraza, hesabu za bidhaa, orodha za watu na barua za taarifa, kisha nakala zipelekwe Batavia na Uholanzi.

Kampuni ilivunjwa mwishoni mwa 1799, lakini karatasi zake zilibaki. Sehemu kubwa zimehifadhiwa The Hague, Jakarta, Cape Town, Colombo na Chennai. Jumla yake inakadiriwa kuwa kurasa milioni 25, na mwaka 2003 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Utaratibu wa nakala una faida kubwa kwa mhakiki: barua iliyopotea mahali pamoja huweza kupatikana pengine, na nakala mbili zikitofautiana, tofauti yenyewe huwa ni ushahidi.

Wingi huo wa karatasi haumaanishi kwamba kila mtumishi anapatikana kwa urahisi. Vitabu vya mishahara ya mabaharia na askari, ambavyo siku hizi hutafutwa kwa kompyuta, vilivyosalia ni vya karne ya 18 kwa sehemu kubwa. Mtu aliyeajiriwa mwaka 1639, kama Van Riebeeck, hana budi kufuatwa kwa njia nyingine: maazimio ya mabaraza, barua za vituo alivyopitia, na vitabu vya makanisa ya nyumbani kwake.

Kuzaliwa, ukoo na ndoa

Kabla ya 1811 Uholanzi haikuwa na usajili wa kitaifa wa vizazi na vifo. Kilichokuwepo ni vitabu vya makanisa, ambamo viliandikwa ubatizo, ndoa na maziko. Kwa hiyo anayetafuta siku ya kuzaliwa kwa mtu wa karne ya 17 mara nyingi hukuta siku ya ubatizo, na anayetafuta siku ya kufa hukuta siku ya maziko. Kuzichanganya ni kosa la kawaida katika kamusi za wasifu, kwa sababu mwandishi wa pili hunakili tarehe kutoka kwa wa kwanza na kuacha maelezo yaliyoandamana nayo.

Kalenda nayo huleta utata. Holland na Zeeland zilianza kutumia kalenda ya Gregori mwishoni mwa 1582 na mwanzoni mwa 1583. Mikoa mingine, ukiwemo Gelderland, iliendelea na kalenda ya kale ya Julius hadi 1700. Katika karne ya 17 tofauti kati ya kalenda hizo ilikuwa siku kumi. Tarehe mbili zinazopishana kwa siku kumi kamili zinaweza kuwa siku moja iliyoandikwa kwa kalenda mbili, na mhakiki hulazimika kujua kwanza kila mji ulifuata kalenda ipi.

Majina pia hayakuwa na umbo moja. Anthoniszoon ni jina la ubini, maana yake mwana wa Anthony, na baba yake Van Riebeeck, Anthony, alikuwa tabibu wa upasuaji. Makarani waliliandika jina la ukoo kwa tahajia mbalimbali, na hilo ndilo lililompata hata mke wake, Maria de la Queillerie, ambaye jina lake huonekana pia kama Quellerie. Kwa hiyo mhakiki hatambui mtu kwa tahajia peke yake. Hutazama jina pamoja na baba, mji, kazi, mwenzi wa ndoa na mashahidi waliotia sahihi. Mambo hayo yakikubaliana katika hati mbili au tatu zisizotegemeana, ndipo inaposemwa kwa uhakika kwamba ni mtu yule yule.

Maria alizaliwa Rotterdam mwaka 1629 katika familia ya Waprotestanti wenye asili ya Kifaransa. Ndoa yake na Van Riebeeck ilifungwa Schiedam tarehe 28 Machi 1649. Tarehe hiyo inasaidia kupanga mfululizo wa maisha ya mumewe, kwa sababu inaonyesha kwamba wakati huo alikuwa Ulaya, na inamlazimu mtafiti kuuliza kwa nini mtumishi aliyekwenda Asia miaka kumi kabla alikuwa amerejea nyumbani.

Miaka ya Asia na kurudishwa nyumbani

Van Riebeeck aliingia katika utumishi wa Kampuni mwaka 1639 akiwa msaidizi wa tabibu wa upasuaji, akasafiri hadi Batavia. Huko akahamishiwa ukarani na biashara, kazi zilizokuwa na njia ya kupanda vyeo. Katika miaka ya 1640 alifika Japani, kisha akawekwa katika kituo cha Tonkin, kaskazini ya Vietnam ya leo, ambako Kampuni ilinunua hariri.

Utumishi huo ulikatizwa kwa fedheha. Kampuni iliwakataza watumishi wake kufanya biashara kwa faida yao wenyewe, na Van Riebeeck aliondolewa katika nafasi yake kwa kosa hilo, akarudishwa Ulaya mwaka 1648. Waandishi waliotaka kumtukuza mwanzilishi wa makazi ya Wazungu huko Rasi walipita juu ya jambo hili haraka, na wengine hawakulitaja. Lakini bila hilo, mwenendo wake wa baadaye haueleweki. Mtu aliyekubali kwenda kuishi kwenye ufuo usio na faida ya kibiashara alikuwa mtumishi anayetafuta kurudishiwa imani ya waajiri wake, na barua alizowaandikia kutoka Rasi akiomba ahamishiwe Asia zinalithibitisha hilo.

Safari hiyo ya kurudi ndiyo inayofuta dhana ya pili. Mwezi Machi 1647 meli ya Kampuni iitwayo Nieuw Haarlem ilikwama na kuvunjika katika ghuba ya Table Bay. Mabaharia wapatao 60 wakabaki ufukweni kwa takriban mwaka mmoja chini ya Leendert Janszen, wakilima, wakivua na kufanya biashara na Wakhoikhoi, wenyeji wa eneo hilo. Mwaka 1648 msafara wa meli zilizokuwa zikirejea Uholanzi ulisimama hapo kuwachukua. Van Riebeeck alikuwamo katika msafara huo, akashuka pwani na kuyaona mazingira kwa macho yake.

Tarehe 26 Julai 1649 Janszen na mwenzake, Matthijs Proot, waliwapelekea wakurugenzi hati ya kupendekeza kituo kijengwe Rasi, ili meli zipate maji, mboga na nyama. Walitetea pia sifa ya wenyeji, wakieleza kwamba visa vya mabaharia kuuawa vilitokana na mabaharia wenyewe kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka 1651 Van Riebeeck aliandika maoni yake juu ya hati hiyo. Aliliunga mkono pendekezo la kituo, lakini akasema wenyeji si wa kuaminiwa. Hati hizo mbili zikisomwa pamoja zinaonyesha jambo ambalo wasifu nyingi hulikosa: shaka yake juu ya Wakhoikhoi ilitangulia utawala wake, na alikwisha kuiandika kabla hajapanda meli.

Rasi ya Tumaini Jema, 1652 hadi 1662

Van Riebeeck aliondoka Uholanzi tarehe 24 Desemba 1651, akatia nanga Table Bay tarehe 6 Aprili 1652. Meli zilizofika naye zilikuwa Drommedaris, Reijger na Goede Hoop. Nyingine mbili, Walvisch na Oliphant, zilichelewa njiani na kufika baadaye. Ndiyo sababu vitabu vingine vinahesabu meli tatu na vingine tano: kila kimoja kimehesabu jambo tofauti.

Chanzo kikuu cha miaka hiyo kumi ni kumbukumbu ya kila siku ya kituo. Toleo lake lililohaririwa na D. B. Bosman na H. B. Thom lilianza kutoka mwaka 1952, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya mabuku matatu. Kwa kuwa huitwa kumbukumbu ya Van Riebeeck, wasomaji wengi huidhania kuwa shajara ya siri za moyo wake. Ukweli ni kwamba ni hati ya ofisi. Makarani waliiandika, kamanda hutajwa humo kama nafsi ya tatu, na nakala zake zilikwenda kwa wakurugenzi. Kila ukurasa uliandikwa kwa kujua kwamba mwajiri atausoma. Kwa hali ya hewa, meli zilizofika, idadi ya ng'ombe walionunuliwa na tarehe za matukio, ni chanzo cha kutegemewa sana. Kwa sababu za kamanda kutenda alivyotenda, ni utetezi wake, na hauna budi kupimwa kwa vyanzo vingine.

Kumbukumbu hiyo inathibitisha hatua kubwa za utawala wake. Mwezi Februari 1657 watumishi tisa waliachiliwa kutoka kwenye mikataba yao wakapewa mashamba kando ya mto Liesbeek. Mwezi Machi 1658 meli Amersfoort ilishusha watu zaidi ya 170, wengi wao watoto, waliotekwa kutoka meli ya Wareno iliyokuwa imewabeba watumwa kutoka Angola. Mwezi Mei mwaka huo meli Hasselt ilileta zaidi ya watu 200 kutoka pwani ya Guinea. Kwa muda mfupi watumwa wakawa wengi kuliko Wazungu huru wa kituo. Utumwa wa Rasi, uliodumu hadi miaka ya 1830, ulipata mizizi chini ya kamanda huyu, naye mwenyewe ndiye aliyewaandikia wakurugenzi akiomba watumwa.

Mashamba ya 1657 yalikata njia za malisho na maji za Wakhoikhoi. Mwaka 1659 vita vilizuka, Doman akiwa mmoja wa viongozi wao. Katika mazungumzo ya amani ya Aprili 1660, wajumbe wa Wakhoikhoi waliuliza kama wao wangeruhusiwa kuchukua ardhi vivyo hivyo lau wangekwenda Uholanzi, na wakadai haki ya kukusanya lozi chungu na mizizi katika ardhi yao. Jibu lililoandikwa ni kwamba ardhi ilikuwa imechukuliwa kwa vita na itashikiliwa kwa haki hiyo. Maneno hayo hayakuandikwa na adui wa Kampuni. Yamo katika kumbukumbu ya kamanda mwenyewe, na kwa kuwa hayamtetei, mwanahistoria ana kila sababu ya kuyaamini.

Cheo chake

Vitabu vingi humwita Van Riebeeck gavana wa kwanza wa Rasi. Nyaraka za Kampuni humwita kamanda, na hilo si jambo dogo. Kampuni ilipanga vituo vyake kwa daraja, na cheo cha mkuu wa kituo kilionyesha umuhimu wa kituo hicho machoni mwa wakurugenzi. Katika miaka ya 1650 Rasi ilikuwa mahali pa kupakia maji na mboga, ngome ndogo ya udongo na bustani. Cheo cha gavana kilikuja baadaye. IJsbrand Goske alikishika kuanzia 1672. Kumwita Van Riebeeck gavana ni kuupa mwaka 1652 ukubwa ambao wenyewe walioishi wakati huo hawakuujua.

Kosa jingine huzaliwa na ufanano wa jina. Mwanawe Abraham, aliyezaliwa Rasi mwezi Oktoba 1653, alipanda hadi kuwa Gavana Mkuu wa Kampuni huko Batavia kuanzia 1709 hadi kifo chake mwaka 1713. Cheo hicho kikubwa ni cha mwana. Baba hakukifikia.

Baada ya Rasi

Mwezi Mei 1662 Van Riebeeck alimkabidhi kituo Zacharias Wagenaer, Mjerumani mzaliwa wa Dresden, akaenda Asia alikokuwa akitamani kurudi. Aliongoza kituo cha Malacca kuanzia mwaka huo hadi 1665. Maria alifariki huko tarehe 2 Novemba 1664, akiwa na umri wa miaka 35. Mumewe akarudi Batavia, akawa katibu wa serikali ya Kampuni, akaoa tena, na hakuiona Rasi tena hadi kifo chake. Miaka hiyo kumi na mitano ya mwisho hupewa mistari michache katika wasifu nyingi za Afrika Kusini. Kwa Van Riebeeck mwenyewe Rasi ilikuwa kituo kimoja kati ya vingi. Waliokuja baadaye ndio walioigeuza kuwa maana nzima ya maisha yake.

Sura iliyokosewa

Makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam yana picha mbili za rangi za mwaka 1650 zinazonasibishwa na mchoraji Dirck Craey: mwanamume mwenye nywele ndefu na masharubu, na mwanamke wa umri wa ujana. Kwa muda mrefu zilitambulishwa kama Jan van Riebeeck na Maria de la Queillerie. Mwaka ulilingana na wakati waliokuwa Uholanzi baada ya ndoa, na hilo likatosha kuwaridhisha watu.

Sura ya mwanamume huyo ikawa sura rasmi ya mwanzilishi. Afrika Kusini ilipoanzisha randi mwaka 1961, iliichapa kwenye noti na sarafu, na kwenye noti ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na wanyamapori. Lakini uchunguzi wa picha hizo na watu waliochorwa ulileta utambulisho mwingine. Makumbusho sasa yanamtaja mwanamume huyo kuwa Bartholomeus Vermuyden, aliyefariki 1650, na mwanamke kuwa mke wake, Catharina Kettingh. Vermuyden hakuwa na uhusiano wowote na kuanzishwa kwa kituo cha Rasi. Kwa miongo mitatu mamilioni ya watu walishika mikononi uso wake wakiamini ni wa kamanda wa 1652.

Michoro mingine inayojulikana sana haina nguvu zaidi ya ushahidi. Picha ya Charles Davidson Bell inayoonyesha Van Riebeeck akikutana na Wakhoikhoi ufukweni ilichorwa katikati ya karne ya 19, takriban miaka 200 baada ya tukio. Sanamu iliyosimamishwa Cape Town mwaka 1899 ni kazi ya John Tweed, na iligharimiwa na Cecil Rhodes. Vyote viwili ni ushahidi mzuri wa namna karne ya 19 ilivyotaka kumkumbuka Van Riebeeck. Juu ya kimo chake, mavazi yake au uso wake havithibitishi chochote.

Kumbukumbu na siasa

Makosa haya yalidumu kwa sababu yalikuwa na kazi ya kufanya. Mwezi Aprili 1952 serikali ya ubaguzi wa rangi iliadhimisha miaka 300 ya kufika kwa Van Riebeeck kwa sherehe kubwa Cape Town, na tarehe 6 Aprili ikafanywa sikukuu. Siku hiyo hiyo chama cha ANC na washirika wake waliitisha mikutano ya kupinga, ikiwa ni maandalizi ya kampeni ya kukaidi sheria za kibaguzi iliyoanza Juni mwaka huo. Kwa upande mmoja alikuwa baba wa taifa, kwa upande mwingine mwanzo wa unyang'anyi. Sikukuu hiyo ilikoma kabisa na utawala wa kibaguzi mwaka 1994.

Uhakiki wa wasifu wa afisa kama huyu unawahusu pia watu ambao hawakuacha hati zao. Krotoa, msichana wa Kikhoikhoi aliyelelewa katika nyumba ya kamanda na kuwa mkalimani, anajulikana kwa sababu ametajwa katika kumbukumbu za kituo. Vivyo hivyo mjomba wake, Autshumato, aliyefungwa katika kisiwa cha Robben mwaka 1658 na kutoroka kwa mashua mwaka uliofuata. Karatasi zile zile zinazotumika kusahihisha cheo na tarehe za Van Riebeeck ndizo zilizobeba yaliyowapata hao. Mwandishi anayezisoma kwa uzembe humkosea kamanda katika mambo madogo, na huwakosea wao katika mambo makubwa, kwa kuwa hawana chanzo kingine cha kuwatetea.

Wasifu uliohakikiwa wa Jan van Riebeeck unaweza kusemwa kwa ufupi. Alikuwa mtoto wa tabibu kutoka Culemborg, karani aliyeondolewa Tonkin kwa biashara ya kujinufaisha, kamanda na si gavana, mtu aliyeijua Rasi kabla ya 1652, aliyeingiza utumwa wa watu wengi katika kituo chake, aliyepigana na Wakhoikhoi na kuchukua ardhi yao, kisha akamalizia maisha yake katika ofisi za Batavia. Uso uliochapwa kwenye fedha haukuwa wake. Anayeandika juu yake leo, awe mwalimu, mwandishi wa habari au mtunzi wa kamusi, anapaswa kuanza na hayo, na kila jambo jipya analotaka kuongeza alitafutie kwanza hati ya wakati wake.